Chaja isiyo na waya hapa Malaba: tundu la simu limepona, pawabenki imepata kazi

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, kwenye kibanda kinachotazamana na foleni ya malori. Vumbi la hapa ni la barabara na la saruji inayotoka Tororo, na yote yanaishia kwenye tundu la chaji. Simu yangu ni Samsung Galaxy S9, niliinunua ikiwa imeshatumika. Ilifika mahali waya lazima uupinde na kuuegemeza kwa daftari ndipo chaji iingie. Msimu wa mvua ndio ulikuwa balaa: unyevu kidogo tu, simu inaonyesha alama ya tone la maji na kukataa waya kabisa hadi tundu likauke. Wateja wangu wananitafuta WhatsApp tangu alfajiri, kwa hiyo simu ikizima nusu siku napoteza kamisheni.

Fundi niliyempelekea aliitazama akaniuliza, "Dada, kabla sijaanza kulehemu hapa, unajua simu yako inachajika kwa mgongo?" Sikuwa najua. Nikaagiza kisahani cha chaji kutoka Kampala kwa shilingi 45,000, bila kichwa chake.

Kwa tundu bovu, hiki kitu ni dawa. Unalaza simu, inatoa mlio, chaji inaanza kuingia. Hata ile siku alama ya tone ilipotokea, nilifuta mgongo wa simu vizuri, nikailaza, ikachaji kama kawaida. Tundu sasa nimeliziba kwa kifuniko kidogo cha mpira na vumbi halipati pa kuingilia. Kwa hili peke yake nakipa alama zote.

Ndani ya kisahani mna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na ndani ya mgongo wa simu mna nyingine. Umeme wa kwenye kisahani unageuza mwelekeo zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, ukizalisha nguvu ya sumaku inayobadilika muda wote, na nguvu hiyo inaamsha umeme kwenye koili ya simu. Msingi wake ni ule ule alioonyesha mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Uzuri ni kwamba simu nyingi zenye uwezo huu zinafuata kiwango kimoja kinachoitwa Qi, hivyo kisahani cha kampuni moja kinakubali simu ya kampuni nyingine.

Sasa kasoro zake. Koili mbili hizo zisipokaa sambamba, chaji inaingia kwa kusuasua au haiingii. Lori zito likipita, meza yangu inatikisika na simu inateleza. Nikiangalia baadaye nakuta asilimia ya chaji imebaki pale pale ilipokuwa. Nimebandika vipande viwili vya mpira pembeni ili isisogee, na tatizo limepungua sana.

Kichwa cha chaja nacho ni muhimu kuliko wauzaji wanavyosema. Kisahani kimeandikwa wati 15, lakini kwenye kichwa cha kawaida cha simu ndogo taa inamulika-mulika tu. Kinataka kichwa cha chaji ya haraka. Na hata ukikipata, S9 haichukui hizo 15 zote, inaishia karibu na 10. Kava ya plastiki haina shida. Ukiwa na kava yenye pete ya chuma ya kushikilia, iondoe, kwa sababu chuma kikikaa katikati kinapata moto. Kadi ya benki usiiweke hapo pia, inaweza kuharibika.

Joto ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kibanda changu ni cha mabati. Saa nane mchana ukiinua simu kwenye kisahani, mgongo unachoma kiganja, na simu yenyewe inapunguza kasi ya chaji ili ijilinde. Betri za lithiamu haziwezi joto. Zikipikwa kila siku zinachakaa mapema. Ndiyo maana mchana nakitumia karibu na mlango penye upepo tu, na chaji kubwa naiacha usiku nyumbani.

Joto hilo ni umeme unaopotea. Kwa waya sehemu kubwa inafika kwenye betri; kwa kisahani hasara ya robo au zaidi ni jambo la kawaida. Kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, hutaiona, maana betri ya simu ni ndogo na kinachopotea kila chaji ni shilingi chache mno. Utaiona umeme ukikatika. Pawabenki yangu ya mAh 10,000 kwa waya inaijaza S9 mara mbili na chenji. Kupitia kisahani, mara ya pili inaishia njiani. Siku za giza refu hiyo ni tofauti kubwa, na ndiyo sababu bado nimetunza waya mmoja mzuri kwa dharura.

Madereva wanaosubiri karatasi zao hupenda kuniuliza kama ipo itakayochaji simu ikiwa mfukoni, mtu anatembea. Nawaambia watu wamehangaika na jambo hilo muda mrefu. Mvumbuzi Nikola Tesla alianza kujenga mnara wake wa Wardenclyffe, New York, mwaka 1901, akitaka kupeleka mawasiliano na umeme mbali bila nyaya. Fedha zikakauka, mnara ukabomolewa 1917. Mwaka 2007 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliwasha balbu ya wati 60 kutoka umbali wa mita mbili na kidogo, na umeme uliofika ulikuwa kama asilimia 40 tu. Kisahani changu kinataka simu iwe milimita chache juu yake, na hata hapo kinapoteza. Ndugu zangu wa malori, kwa sasa tegemeeni tundu la sigara kwenye dashibodi.

Kwa wenye simu za bei ya kawaida ambazo nyingi tunazo, uliza kwanza, kwa sababu nyingi hazina koili mgongoni. Kuna kikaratasi chembamba chenye koili unachobandika nyuma, kisha ncha yake unaichomeka kwenye tundu. Kwa tundu lililokufa hakisaidii kitu, maana kinapita humo humo.

Kama simu yako ni mpya zaidi yangu na ina sumaku mgongoni au kwenye kava, tafuta kisahani chenye sumaku, kile cha kiwango cha Qi2 kilichotoka 2023. Sumaku zinavuta simu ikae sawasawa, na lile tatizo langu la kuteleza linaisha. Dukani mwombe muuzaji akichomeke hapo hapo, laza simu yako na kava lake, na usitoe pesa mpaka umeona asilimia imepanda.