Tahadhari: muuzaji wa "dawa ya kantangaze" kwenye gulio la Ilula

Ndugu wakulima wenzangu wa Ilula na Kilolo kwa ujumla, kuna kijana anazunguka magulioni na mkoba mweusi akijitambulisha kuwa mtaalamu wa wadudu, naye amenitapeli shilingi 120,000 kwa dawa ya nyanya zangu, akidai zimeshambuliwa na kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake huharibu nyanya. Nimekasirika, na aibu imezidi kwa kuwa nilimlipa mbele ya majirani.

Nilimpelekea majani yenye michirizi myeupe iliyojipindapinda. Akachana mchirizi mmoja kwa ukucha, akamtoa funza wa manjano, akamweka kiganjani mwangu na kunipa lenzi. "Mzee wangu, huyu ni kantangaze, ukichelewa huna shamba," alisema. Nilimwona funza huyo vizuri kabisa: hakuwa na miguu wala kichwa, ila kidoa cheusi kwenye ncha moja, ndipo penye mdomo. Wauzaji wengi hata jani hawaligusi. Huyu alinionyesha mdudu mwenyewe, ningemtiliaje shaka? Akaniuzia chupa za dawa na vivutio vya harufu vya kuweka kwenye mitego, akaniandikia na vipimo kwa mwandiko safi.

Nilipulizia, michirizi ikaongezeka, na mitego haikunasa kitu cha maana. Bwana shamba alipotundika kadi za njano zenye gundi, walinasa inzi wadogo wa milimita mbili hivi, wenye mgongo mweusi na baka la njano mwishoni mwake, na jozi moja tu ya mabawa. Hao ni vidomozi, yaani inzi ambao funza wao huchimba michirizi ndani ya majani, kama yule niliyewekewa kiganjani. Kantangaze ni nondo wa kijivu mwenye mabawa manne, na kiwavi wake ana miguu, kichwa kinachoonekana na utepe mweusi nyuma ya kichwa hicho, tena hula jani kwa mabaka mapana. Harufu niliyouziwa huvuta madume wa nondo huyo, kwa hiyo vidomozi wangepita tu wakiicheka. Bwana shamba mwenyewe, akiwa na lenzi mkononi, hakuthubutu kutaja ni aina gani ya kidomozi, kwa sababu aina hizo hufanana mno kiasi kwamba maabara hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi vya dume. Yule tapeli alimaliza kazi hiyo kwa ukucha.

Dalili zilikuwepo: karatasi mpya ilibandikwa juu ya ya zamani kwenye chupa, namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) haikuwepo, na risiti alisema ataileta gulio lijalo.

Mtu wa namna hii anastahili kushtakiwa, kurudisha fedha za kila aliyemwibia, na kupigwa marufuku kukanyaga gulio lolote la Iringa. Akionekana, msimpige, mfikisheni kwa mtendaji wa kijiji, nami nitakuja na ile karatasi yenye mwandiko wake. Aliyeuziwa kama mimi asitupe chupa, ili tuziwasilishe polisi kwa pamoja.