Nimehama Kibamba nikaja Magomeni, kodi imepanda elfu themanini: mwezi wa tano huu, niwaambie ukweli

Haya jamani, watu wengi mmeniuliza kuhusu hichi chumba na nimekuwa nawajibu nusu nusu, leo nimekaa nikaona niandike yote mara moja. Mi nafanya kazi Kariakoo, duka la vitenge la jumla, tunafungua saa moja na nusu asubuhi, na bosi wangu ukifika na dakika kumi anakuangalia tu hasemi kitu, afu mwisho wa mwezi ndo anasema. Nilikuwa nakaa Kibamba, huko pembezoni kabisa mwa Dar. Chumba na sebule, choo ndani, uwanja mkubwa, laki moja kwa mwezi. Nimehamia Magomeni, Mwembechai, chumba kimoja masta, yaani chenye choo chake ndani, hakuna sebule wala jiko, laki na themanini. Dada yangu alipokuja mara ya kwanza alisimama mlangoni akauliza, na kingine kiko wapi? Nikamwambia dada ndo hicho hicho. Akasema yaani umeongeza elfu themanini ukapunguziwa nyumba, aliyekuroga kafariki.

Sasa ngoja nimjibu hapa maana pale alikuwa anacheka sikupata nafasi.

Kibamba kutoka nyumbani mpaka barabara ya lami ni boda, elfu moja, kwenda na kurudi elfu mbili. Kutembea inawezekana kiangazi, ila saa kumi na dakika arobaini na tano alfajiri mwanamke peke yako kwenye ile njia ya vichaka, hapana. Halafu gari mpaka Mbezi mia sita, Mbezi mpaka Kariakoo mia nane. Piga kwenda na kurudi, 2,800, jumlisha boda, 4,800 kwa siku. Nafanya kazi siku 26, hiyo ni 124,800. Yaani nauli ilikuwa inazidi kodi!! Na nilikaa kule miaka mitatu sijawahi kukaa chini nikapiga hiyo hesabu, kwa sababu nauli huwa huioni, ni mia mia tu na buku la boda, unatoa huku unaangalia dirishani, wakati kodi unaisikia mpaka kwenye mifupa. Kwahiyo Kibamba kodi na nauli ni 224,800. Magomeni kodi 180,000 na nauli natenga 1,500 kwa siku, hiyo 39,000, jumla 219,000. Tofauti 5,800, hela ya supu mbili tu, ila ni tofauti ya upande wangu na sio wa dada.

Na hapo sijaweka kugeuza. Wa Dar mnajua, kwa wasiojua ni hivi: jioni Kariakoo gari ikifika inakuja na watu tayari wamekaa, hao walienda kuipandia huko mbele inakotokea, wakalipa nauli ya kuja nayo, halafu wanalipa tena ya kwenda, ili mradi siti. Mi nilikuwa nageuza kama mara kumi kwa mwezi, siku ambazo miguu imekataa kabisa maana dukani hatukai, na kusimama toka Kariakoo mpaka Mbezi na mtu kakuegemea na mfuko wake wa dagaa, siku nyingine huwezi. Hiyo ni elfu nane nyingine. Hii sikumwambia dada kwa sababu aliwahi kunisema kwamba nachezea hela.

Ila sasa tusidanganyane, hiyo hesabu ya mwezi ni tamu kwenye karatasi tu. Nauli inakudai kila siku buku nne mia nane na ukikosa unamkopa mwenzio kazini. Kodi ya huku inakudai miezi sita papo hapo. 1,080,000. Na dalali mwezi mmoja, 180,000. Hiyo ni milioni moja laki mbili na sitini kabla hujanunua hata pazia, na hela ya kirikuu cha kuhamisha vitu juu yake. Mi niliipata kwa sababu nilipokea mchezo, yaani upatu tunaochangiana kwa zamu, mwezi wa kumi na mbili, nikaongezea na akiba, ningekuwa sijapokea mpaka leo ningekuwa Kibamba najiambia mwakani. Kwahiyo mtu asije akakwambia huhami kwa sababu hujui hesabu, wengi wanaijua, ile milioni ya mkupuo ndo haipo.

Kuhusu dalali niseme kidogo tu maana nikianza sitamaliza. Alinizungusha vyumba vitano, kila kimoja elfu kumi ya usumbufu kabla hatujaondoka, na vyote eti vilikuwa dakika mbili kutoka kituoni. Nilikuja kugundua dakika mbili za dalali ni robo saa ya binadamu. Chumba cha tatu, masta kweli, ila kitanda cha tano kwa sita kikiingia mlango wa choo haufunguki wote, unaingia ubavu. Akasema dada utazoea. Cha nne kilikuwa kizuri, tailizi mpaka ukutani, nikawa nakaribia kutoa hela, ghafla nyuma ya dirisha nikasikia moja mbili, moja mbili, hao ni baa wanajaribu spika, na ilikuwa saa nane mchana wa Jumanne. Nikamgeukia, akaangalia pembeni.

Hichi cha sasa ndo cha tano. Nyumba ni hizi za Kiswahili za zamani, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele na wajukuu, ni mtu mzima, ukitoka asubuhi bila shikamoo jioni utasikia. Chumba changu aliongezea choo baadaye upande wa uani, ndo maana kinaitwa masta, na bei yake ni ya masta, japo kuta bado ni zile zile. Maji yanatoka, sio kila siku, nina pipa. Luku ni moja nyumba nzima, tunachangana, na hapa ndo pananiuma: Kibamba nilikuwa na mita yangu natumia elfu tano mwezi mzima, hapa natoa elfu kumi kwa sababu kuna mwenzetu ana friji anauza barafu na sote tunamgandishia. Weka na maji elfu tano, taka elfu mbili. Kwahiyo ile supu mbili niliyoipata juu imeshaliwa zamani, nimebakiwa na ya kugeuza tu ndo inanisitiri. Kihela tuseme ngoma droo.

Joto. Kibamba kuna upepo, usiku unajifunika. Hapa feni inageuza hewa ile ile ya moto, mwezi wa pili nilikuwa nalala chini kwenye sakafu.

Sasa safari yenyewe, maana ndo nililipia hiyo. Natoka saa kumi na mbili na dakika hamsini, jua limeshachomoza, natembea mpaka kituo cha mwendokasi hapo Morogoro Road, dakika sita kwa mguu wangu. Msitegemee siti, magari yanatoka Kimara huko, yakifika Mwembechai yameshashiba, na siku nyingine unaacha mawili unapanda la tatu. Ila ni vituo vichache tu, Usalama, Mapipa, Jangwani, Fire, unaingia Msimbazi, Gerezani umefika, kusimama kwa umbali huo hakumuui mtu. Mlango kwa mlango dakika arobaini ukiweka na kusubiri. Kibamba ilikuwa masaa mawili na dakika arobaini na tano asubuhi, na jioni nikitoka saa kumi na moja na nusu nafika saa mbili na nusu usiku, hiyo ikiwa hakuna ajali wala msafara. Nimepiga, nimeokoa masaa manne na dakika kama ishirini na tano kwa siku. Kwa mwezi ni masaa mia moja na kitu, karibu siku tano kamili, mchana na usiku. Siku tano nilikuwa naziacha kwenye foleni ya Morogoro Road kila mwezi, na nilikuwa nazilipia.

Na kikubwa zaidi, gari zikigoma natembea. Kariakoo ni dakika hamsini nikikaza mwendo. Jioni nikiwa sijachoka narudi kwa mguu makusudi, napitia ndizi, naokoa nauli. Ukiwa Kibamba gari zikigoma unaomba kulala kwa watu.

Ila kuna Jangwani. Mnaohamia upande huu kwa kazi za Kariakoo na Posta mkumbuke katikati yenu na kazi kuna bonde la Msimbazi, na masika likiamua limeamua, maji yanakaa juu ya barabara na njia inafungwa. Masika hii imenikuta mara mbili. Mara ya kwanza nilienda kituoni kama mgeni, nikashangaa watu wote wanakuja kinyume changu wamekunja suruali. Ikabidi nizunguke na Kawawa, Kigogo, nikatokee Ilala, nikafika saa tatu kasoro. Bosi akaniangalia. Halafu akasema, si ulisema umehamia karibu? Wa Kibamba mwenzangu siku hiyo alifika saa tano ila hakuna aliyemshangaa, yeye anatoka mbali, anasamehewa. Hilo nalo mliweke kwenye hesabu, ukihamia karibu unapoteza kisingizio.

Kelele. Dari la hizi nyumba ni moja kuanzia mbele mpaka nyuma, kuta zinaishia juu hazijagusana na kitu, kwahiyo jirani akikohoa unamwambia pole. Jirani yangu wa ukuta ni mzee mmoja anauza samaki, lazima awahi Feri kununua, na alamu yake inalia saa kumi alfajiri. Saa kumi! Ile ile niliyoikimbia Kibamba. Mwezi wa kwanza niliamka kila siku na alamu ya mtu mwingine, nikawa nakaa kitandani najiuliza laki na themanini nimelipia nini. Siku hizi naamka nayo, nageuka ukutani, nalala tena mpaka saa kumi na mbili, na niseme tu huo usingizi wa pili ni mtamu kuliko ule wa kwanza.

Kilichonifanya nisijute kabisa ni cherehani. Nilikuwa nayo Kibamba miaka miwili imefunikwa kanga, nikirudi saa mbili na nusu usiku nimechoka hata kula naona kazi. Hapa narudi saa kumi na mbili na dakika kumi, bado kuna mwanga. Nikaanza kupunguza suruali ya kijana wa korido, akaja na mwenzie, akaja mama mwenye nyumba na dera, mwezi uliopita nimepata elfu arobaini na tano hivi bila kutoka mlangoni. Mwisho saa tatu usiku, yule mzee wa samaki analala mapema na ukutani alishagonga mara moja, sitaki agonge tena.

Ninachokikosa Kibamba ni uwanja. Nilikuwa na mchicha, matembele na kuku wanne. Kuku tuliwala wakati wa kuhama, matembele nayanunua hapa kifungu mia mbili na ni vijani vitano vimechoka. Na wageni wameongezeka, ndugu wote wa Kibamba na Mbezi wakichelewa mjini eti wanapitia kwangu kulala, pamoja na dada, yule yule aliyecheka. Analala kitandani mi nalala chini.

Kwa chumba chenyewe natoa tano kwa kumi, kimebanwa na bei ni ya jina la masta zaidi ya umasta wenyewe. Kwa mahali kilipo, tisa. Kama una watoto watatu na vyombo vya sebule usijaribu, baki kule kule. Kama uko peke yako na kazi yako iko Kariakoo au Posta, na mchezo umekuangukia, lipa. Mkataba unaisha mwezi ujao na mama ameshaanza kuniambia vitu vimepanda bei. Akifika laki mbili nalipa. Akipita hapo natafuta pengine kwenye njia hii hii.

Na yule dalali kanipigia jana, sijui kanusa vipi. Ana chumba Manzese, masta, laki na hamsini, dakika mbili kutoka kituoni. Nikamuuliza, dakika zako au zangu? Akakata simu.