TAHADHARI: Kabla hujatuma hela ya kadi ya Cassius Clay 1960 au Pelé 1958 "kutoka Uswidi"

Ndugu wakusanyaji, kuna wauzaji wanaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook na kadi za zamani za wanamichezo kutoka Ulaya, na mtindo wao ni ule ule. Bidhaa zao ni tatu: Cassius Clay (bondia aliyekuja kuitwa Muhammad Ali) namba 23 kutoka jarida la Kiswidi Hemmets Journal la 1960, Pelé namba 635 ya kampuni ya Kiswidi Alifabolaget ya 1958, na stika ya Maradona namba 312 ya Panini Calciatori 1979-80, albamu ya stika za wanasoka wa ligi ya Italia. Utaambiwa mzee amefariki Stockholm na familia inauza sanduku lake. Bei itakuwa robo ya ile ya soko, na hela itatakiwa leo hii kwa sababu "kuna mtu wa Dubai anasubiri".

Hawakuchagua kadi hizi kwa bahati. Wengi wetu tunamjua Ali kwa pambano la Kinshasa la 1974, na tunadhani kadi yake ya kwanza lazima iwe ya Marekani. Sivyo. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilitoka Uswidi, mwaka aliotwaa dhahabu ya Olimpiki kule Roma, ikiwa imechapwa ndani ya jarida, na msomaji aliikata mwenyewe kwa mkasi. Pelé naye alicheza Kombe la Dunia la 1958 huko huko Uswidi akiwa na miaka 17, akafunga mabao mawili kwenye fainali ya 5-2, ndiyo maana kadi yake inayotafutwa zaidi ni ya Kiswidi. Mwaka 2022 moja iliyopewa alama 9 kati ya 10 na PSA, kampuni ya kupima ubora wa kadi, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1. Sasa changanya bei hiyo na karatasi nyepesi, lugha ambayo mnunuzi haisomi, na kadi iliyokatwa kwa mkono isiyo na kipimo kamili: mwenye printa ya kisasa amepata shamba la kuvuna.

Tuanze na picha, maana hapo ndipo wengi wao wanakamatika bila gharama. Kadi iliyokatwa kwa mkasi ina kingo zake peke yake duniani. Mkono ulipinda hapa, kona ile ikabaki na ncha, upande wa kushoto ukawa mpana kuliko wa kulia. Kwa hiyo picha ya kuibwa ni rahisi kuitambua: ipitishe kwenye Google Lens, kisha linganisha kingo nne na picha za kumbukumbu za nyumba za minada kama Heritage na Goldin. Kingo zikifanana, muuzaji anakuonyesha kadi ya mtu mwingine. Usidanganywe na picha iliyogeuzwa kushoto-kulia au kupunguzwa mwanga, kwani hiyo ndiyo mbinu yao ya kuikwepa Google. Igeuze mwenyewe kwenye simu uitafute tena.

Kisha omba picha mpya. Kadi iwe juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa kalamu, mbele na nyuma, na video ya sekunde ishirini akiiinamisha kadi karibu na dirisha. Video ina kazi yake: karatasi ya jarida haing'ai kama karatasi ya picha, na wino wa printa ya leza hukaa juu ya karatasi ukatoa mng'ao wa utando pale kadi inapoinama. Mwenye kadi halisi ataifanya kwa dakika tano. Anayekuja na "kadi iko benki kwenye sefu" hana kadi.

Ukiletewa kadi mkononi, kifaa muhimu kuliko vyote ni kioo cha kukuzia cha mara 10 hadi 30, kile cha sonara. Picha za zamani zilichapwa kwa vitone vya rangi vilivyopangwa kwa safu, na rangi zinapokutana vitone hufanya mfano wa ua dogo. Printa ya wino ya nyumbani humwaga vitone ovyo kama mchanga. Lakini usiishie kwenye picha, angalia maandishi meusi. Kwenye kadi halisi herufi nyeusi zilichapwa kwa wino mweusi peke yake, kwa hiyo ni nzito na kingo zake ni safi. Aliyeskani kadi na kuichapa upya amezigeuza herufi kuwa picha. Kwenye kioo utaona herufi imejengwa kwa vitone vya bluu, nyekundu na njano, na ukingo wake una ukungu. Ukiona hivyo, rudisha kadi, hakuna haja ya kipimo kingine. Ishara nyingine ni mawimbi kwenye sehemu za rangi moja, kama anga au ukuta: vitone vya kadi ya asili vimegongana na vya printa mpya.

Wachache wajanja huandika maandishi upya ili yawe meusi safi. Hapo soma Kiswidi, hata kama hukielewi. Lugha hiyo ina herufi å, ä na ö, na anayenakili bila kuijua huacha duara au vitone vya juu. Linganisha neno kwa neno na picha ya nyuma ya kadi iliyothibitishwa.

Taa ya kukagulia noti bandia inasaidia, ila watu wanaitumia vibaya. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa za kung'arisha karibu na mwaka 1950, kwa hiyo kadi ya 1910 au 1930 inayowaka bluu-nyeupe chini ya taa hiyo ni ya uongo. Kadi ya 1958 au 1960 imekaa mpakani. Ikiwaka kama shati jeupe kwenye disko, shuku sana. Isipowaka, bado hujathibitisha kitu, kwa sababu karatasi isiyo na dawa inapatikana hadi leo. Taa hiyo hukataa kadi, haithibitishi.

Rangi ya uzee nayo huigizwa kwa chai au kahawa. Karatasi ya jarida huwa njano taratibu, kuanzia kingo zilizopata hewa na mwanga kuelekea ndani. Chai hujikusanya kwenye mikunjo na kuacha mstari wa mpaka kama doa la maji kwenye kitambaa, na mara nyingi harufu bado ipo. Nusa kadi.

Kwa Maradona namba 312 kuna mtego wa aina yake, na huu unauma kwa sababu karatasi yenyewe kweli ina umri kidogo. Miaka ya 1990 gazeti la Italia l'Unità lilitoa kwa wasomaji wake nakala za albamu za zamani za Panini Calciatori. Mle ndani picha za wachezaji zimechapwa moja kwa moja kwenye kurasa, hazikubandikwa. Mtu anakata mraba kutoka kwenye nakala kama hiyo, anakuuzia kama stika iliyobanduliwa. Geuza nyuma: ukikuta vipande vya picha au maandishi ya ukurasa mwingine, hiyo ni karatasi ya albamu. Stika halisi ina mgongo wake wenye namba, na ile iliyobanduliwa ina mabaki ya gundi au nyuzi za karatasi zilizochanika. Pia kumbuka kuwa Maradona alijiunga na Napoli 1984, kwa hiyo yeyote anayekuuzia "Maradona wa Napoli 1979" hajui hata anachoghushi.

Makasha ya plastiki yaliyofungwa na kampuni za upimaji kama PSA, SGC na Beckett yanawapa watu usingizi wasioustahili. Ndiyo, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni. Lakini mghushi hunakili namba ya kweli ya kadi ya kweli, kwa hiyo jibu la "ipo" halitoshi. Tovuti ya PSA inaonyesha picha kwa vyeti vingi. Fungua picha hiyo, linganisha kona kwa kona, doa kwa doa, na ukingo wa mkasi. Halafu kagua kasha: mshono wa pembeni uwe sawa pande zote, bila ukungu mweupe wala alama za bisibisi, na herufi za lebo ziwe kali. Kasha lililofunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi mara nyingi huwa na mapovu madogo ndani ya mshono.

Msione kukata upya kingo za kadi ili ionekane mpya kuwa kosa dogo la fundi. Nakala moja ya kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ya seti ya T206, kadi maarufu kuliko zote Marekani, ilipewa alama 8 na PSA, na mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane bora. Kama macho ya wataalamu yalipitwa pale, picha ya WhatsApp haiwezi kukutosha wewe.

Sasa hela. Muuzaji anayesema yuko Uswidi na anataka kulipwa benki, tazama IBAN yake, yaani namba ya kimataifa ya akaunti: ya Uswidi huanza na SE na ina tarakimu na herufi 24 jumla. Ya Italia huanza na IT na ina 27. Akaunti ya nchi nyingine siyo ushahidi wa wizi peke yake, maana wako waaminifu wanaotumia benki za mtandaoni, lakini jina la akaunti likiwa tofauti na la muuzaji, acha. Western Union na sarafu za mtandaoni kwa mtu usiyemjua, usitume hata dola 20 za "kushikilia kadi".

PayPal ina njia mbili na ndipo wengi wanapopigwa. Ukituma kwa njia ya ndugu na marafiki, huna ulinzi wa mnunuzi. Atakuomba utumie hiyo "ili tuepuke makato". Lipa kwa njia ya bidhaa na huduma, hata kama makato utayabeba wewe. eBay nako, muuzaji akikuvuta mkamilishe nje ya tovuti kwa punguzo, dhamana ya eBay inabaki mlangoni.

Ukishalipa, mchezo unaofuata ni wa mzigo. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, na tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi. Chukua nane za mwanzo, zizidishe kwa mfuatano 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisha, gawa kwa 11, kisha toa baki kutoka 11. Mfano 12345678: jumla ni 204, baki ni 6, jibu ni 5, hivyo namba sahihi ni 123456785. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5. Namba isiyokubali hesabu hii imetungwa. Na ikiishia na herufi zisizo SE wakati kadi "imetoka Stockholm", uliza kwa nini.

Wengine hutuma kweli, lakini bahasha tupu kwa anwani nyingine ndani ya mji wako, ili mtandao uonyeshe "imepokelewa Mombasa". Nenda posta na namba, uombe rekodi ya uzito na ya aliyesaini. Gramu 8 za bahasha haziwezi kuwa kadi ndani ya kasha la plastiki.

Na yule "wakala wa forodha" anayekuandikia WhatsApp kwamba mzigo umekwama, tuma dola 180 kwenye namba binafsi, ni muuzaji yule yule na laini nyingine. Ushuru Tanzania hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, Kenya kwa hati ya KRA, na kuna stakabadhi.

Kama umeshaingia mtegoni, saa inatembea. PayPal inakupa siku 180 tangu malipo kufungua lalamiko, na ndani ya siku 20 baada ya hapo ulipandishe kuwa dai, vinginevyo linafungwa lenyewe. eBay ni siku 30 tangu mzigo ufike. Ulilipa kwa kadi ya benki, piga simu benki leo. Hifadhi mazungumzo yote kabla hajakublock, pamoja na namba yake, bahasha, na stempu. Kadi feki usiichane kwa hasira wala usimuuzie mwingine, kwani unaweza kutakiwa uirudishe, na picha zake za karibu chini ya kioo ndizo zitakazosimama kwenye dai lako. Ukipenda, zibandike hapa chini bila jina lako, na za mbele na nyuma pamoja, tuzilinganishe na zilizokwisha kuletwa.