Dar iombe kuandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola au Michezo ya Afrika?

Huu ubishi hauishi vijiweni. Kwa gharama, Michezo ya Afrika ni nafuu zaidi, Nairobi walipiga 1987 pale Kasarani, Accra wakaandaa ile ya 2023 (ikachezwa Machi 2024), ila Madola bado haijawahi kuchezwa Afrika, Durban walipewa ya 2022 wakanyang'anywa 2017 mambo ya hela na dhamana yakawashinda, ikaenda Birmingham.

Viwanja sasa. Uwanja wa Mkapa (wengi tunauita Taifa) unaingiza watu 60,000, hapo tupo poa kwa zote mbili, ishu ni bwawa la kuogelea na ukumbi wa ndani, lazima tujenge. Na usafiri jamani, mechi ikiisha usiku unatoka Taifa unasukumana mpaka kituo cha Uhasibu, viatu mkononi, daladala zimejaa.

Kwa jina Madola inashinda mbali, mwanariadha wetu Filbert Bayi 1974 kule Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwenye Madola hiyohiyo, mie nikikumbuka nasisimka.

Kwahiyo kama unawaza hoteli na watalii, utavutwa na Madola. Kama una mtoto anayekimbia peku Mbagala na anataka uwanja wa mazoezi mapema, Michezo ya Afrika iko karibu zaidi.