Duka la vifaa vya usalama Unga Limited, Arusha: kuna buti za getini na buti za kazi

Duka lipo Unga Limited, kwenye ule mstari wa maduka ya vyuma na vipuri, fremu ya mwishoni, nje wametundika rifleta (vile vizibao vya kung'aa) za njano na za chungwa mpaka mlango hauonekani. Maegesho hakuna, ukija na gari utaiacha barabarani ugombane na watu wa maguta, bora uje na boda. Naona watu wanauliza sana wapi Arusha wapate buti za sefti za uhakika kwa bei ya kibinadamu, hasa tangu kazi za saiti ziongezeke huku kwetu, uwanja wa AFCON kule Olmoti, maghorofa, mahoteli, basi ngoja niseme nilichokiona pale, kizuri na kibaya.

Mimi nina karakana ndogo ya kuchomelea, mageti, grili, mapaa ya chuma. Siku hizi kazi zenye hela ziko kwenye saiti kubwa na huko huingii bila buti, helmeti, rifleta, glovsi na mawani, mlinzi ana karatasi yake anatiki, ukikosa kimoja geuka nyumbani. Sawa, ni utaratibu mzuri. Ila umezaa biashara ya ajabu mjini, maduka yamejaa vitu vyenye sura ya kifaa cha usalama na kazi yake ni kukuvusha pale getini tu, ukishapita ni juu yako na Mungu wako.

Sasa mama mwenye hili duka, kabla hata hujataja saizi, anakuuliza, "Za getini au za kazi, baba?" Nilicheka nikajua ananipima mfuko. Kumbe yupo siriasi kabisa, ana rafu mbili. Rafu ya chini buti za elfu 30, ukigonga mbele zinalia ngo ngo, chuma kipo, mlinzi ataridhika. Akaniambia bila kuficha kwamba hizo makontrakta wanakuja kuchukua kwa viroba, kijana akikaguliwa anapita, halafu mvua moja tu ya Aprili soli inabaki kwenye tope yeye anaendelea na safari. Rafu ya juu zinaanzia elfu 75 mpaka laki na ishirini. Nimeshanunua vitu vingi mjini hapa na sikumbuki muuzaji aliyewahi kuniponda bidhaa yake mwenyewe mbele yangu namna ile.

Tofauti yake ni hii, na naiandika kwa urefu maana ndio pesa yako inapoliwa. Angalia lebo kwenye ulimi wa buti, kuna namba EN ISO 20345, ndio kiwango cha kimataifa cha buti za usalama, na pembeni yake herufi. Zote zenye hiyo namba kofia yake ya mbele, ile ngumu inayofunika vidole, inatakiwa ihimili joule 200, yaani kama kitu cha kilo 20 kidondoke kutoka mita 1 juu ya vidole. Ikiandikwa SB au S1 peke yake, umenunua kofia ya mbele lakini chini usitegemee kitu, msumari unaingia. Ukitaka ya misumari tafuta S1P, au S3 ambayo juu ya hapo inavumilia maji na soli yake ina meno. Sasa niambie nyie wa saiti, mara ngapi mmeona mtu amedondokewa na kitu kidoleni, na mara ngapi mtu amekanyaga ubao uliotolewa kwenye zege misumari imesimama? Kwetu misumari inaongoza mbali sana. Na hakuna mlinzi wala sefti (ofisa usalama wa saiti) niliyemuona anakagua soli, wote wanagonga mbele kwa rungu, wakisikia chuma "pita".

Lebo yenyewe inaweza kuwa ya uongo, mtu anachapa tu. Kwa hiyo mama ana sumaku, ile ya duara ya spika bovu, imening'inizwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Anaitoa soli ya ndani, anaipitisha sumaku kule chini kuanzia kisiginoni mpaka mbele, ikishika njia nzima kuna bati, ikishika kwenye vidole tu ujue chini ni mpira mtupu. Mwenyewe kanionya kuna buti nzuri za bei wanaweka kitambaa kigumu badala ya bati, hapo sumaku haishiki kitu na buti ni nzima, kwa hizo inabidi uamini lebo na uamini aliyekuuzia. Nilipitisha ile sumaku kwenye buti alizokuja nazo kijana wangu, alizipata kwa mkandarasi mmoja waliomaliza naye kazi. Vidole tu. Dogo akawa anaziangalia kama mtu aliyeoneshwa cheti feki cha ndoa yake.

Nilichukua pea nne za S3. Na hapa niseme kwa mabosi wenzangu wadogo wadogo tunaopenda kumwambia kijana "njoo na vifaa vyako". Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inasema vifaa vya kujikinga mwajiri ndio atoe, na viwe vinakinga kweli. Haijasema vya kupendeza mlinzi.

Glovsi. Za ngozi za kuchomelea anazo nzuri, ndefu mpaka karibu na kiwiko, elfu 12, mshono wa ndani hauumi. Nilitaka pia dazeni ya zile za uzi zenye vidoti vya mpira, akaniuliza za nini, nikamwambia vijana wanatoboa vyuma. Akarudisha boksi rafuni. "Kwa drili? Hapana, kunja mikono ya shati ushike kwa mkono mtupu." Hela nilikuwa nayo mkononi na amekataa kuiuza!

Na yupo sahihi, ila kawaambie wale masefti wanaokagua kwa fomu. Kuna saiti, siitaji, ina bango kubwa GLOVSI MUDA WOTE. Kijana wangu yupo kwenye drili ya kusimama anatoboa flatbar, amevua glovsi, sefti kaja kamwandikia onyo. Nikamfuata pembeni kwa heshima nikamwambia mkuu, hii inazunguka, uzi wa glovsi ukidakwa na biti hauchaniki, unavuta na kidole chake. Akanijibu, "Fundi nakuelewa, lakini fomu yangu haina drili." Mtu ameelewa na bado kaandika! Kanuni za usalama wa mashine zenyewe zinakataza glovsi kwenye drili ya namna ile, kwa hiyo sio kwamba sheria haina akili, aliyeandika bango ndio aliandika kwa ajili ya wabeba matofali akasahau kwamba kuna mafundi wengine. Tulichofanya tukatobolea vyuma vyote karakana, tukawa tunapeleka saiti vimeshatobolewa. Gharama ya usafiri juu yangu.

Rifleta nayo hivyo hivyo. Ni polista, cheche ya welding ikitua inayeyuka, ikikaa vizuri inashika moto, na bado utaambiwa usiivue hata ukiwa umelala chini ya boriti unachomelea. Mama anauza aproni ya ngozi elfu 25 unaivaa juu ya rifleta, rifleta inaonekana mgongoni, cheche zinapiga ngozi, kila mtu ameridhika. Aliyegundua hilo apewe cheo.

Sasa nifike kwenye malalamiko, maana msije mkadhani nimelipwa. Nilichukua boksi la mawe ya kukatia, yale membamba ya grenda ndogo. Kwenye jiwe, ile ringi ya chuma ya katikati, kuna tarehe imechapwa, mwezi na mwaka, ndio mwisho wake wa kutumika, kawaida miaka 3 toka litengenezwe. Langu lilikuwa limepitwa zaidi ya mwaka. Nikamwonesha. Huyu mama mwenye akili zake zote, mwenye sumaku ya spika, akaniambia, "Baba, jiwe halina chakula ndani, litaozaje?" Nikaishiwa nguvu. Ni kweli halina chakula, lina gundi, hizo punje zimeshikwa na gundi, na gundi inakunywa unyevu polepole inalegea, halafu wewe unaizungusha mara elfu 11 kwa dakika sentimita 40 kutoka usoni. Likipasuka halikupi taarifa. Unga Limited msimu wa masika lile duka linavuja kona moja, maboksi yapo chini sakafuni, sasa hesabu mwenyewe.

Kanibadilishia, kanitolea boksi jipya bila maneno mengi, lakini lile la zamani nimeliona analirudisha rafuni. Hapo nyota moja imeanguka na haipandi. Na imenikera zaidi kwa sababu wateja wake wanamwamini kwa kila kitu, kijana wa karakana akiambiwa na huyu mama kwamba tarehe ya kwenye jiwe ni mbwembwe za wazungu, ataenda kuwaambia wenzake wote. Kwa hiyo ukinunua mawe pale soma ringi mwenyewe hapo hapo kaunta.

Tukiwa kwenye mawe, nakumbusha wale wenzetu wanaofungua gadi ya grenda ndogo ili jiwe la inchi 9 lienee. Soma lilivyoandikwa usoni, la inchi 9 linakwambia mwisho 6,600 kwa dakika, la inchi 4 na nusu linakwambia 13,300, grenda yako ndogo inazunguka kama 11,000. Hiyo haihitaji sefti wala bango. Mama kwa hili yupo imara, ukimwambia unataka la inchi 9 anakuuliza grenda ipo wapi aione.

Barakoa. Hapa tulibishana kidogo mbele ya wateja, mimi, mama, na mzee mmoja fundi wa siku nyingi aliyekuja kununua vijiti vya welding. Mnaochomelea mnajua, ukishinda na bomba la galvanaizi, yaani lililopakwa zinki, usiku unatetemeka, mdomoni ladha ya chuma, kifua kizito, unaenda kupima malaria haipo, kesho au kesho kutwa umepona. Ule ni moshi wa zinki. Na dawa ya kila karakana kuanzia Ngarenaro mpaka Sakina ni paketi ya maziwa. Mzee akasema shikamoo za watu ameanza kuzipokea kabla hatujazaliwa na maziwa ndio yamemfikisha. Nikamjibu kwa adabu, "Marahaba zako tunazihitaji bado mzee wetu, lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi uko kwenye mapafu, vinakutania wapi?" Wakacheka, yeye hakucheka. Mama akamaliza ubishi kibiashara, akatoa barakoa zilizoandikwa FFP2, zile za kuchuja vumbi na moshi, elfu 3 moja, akasema za bluu za hospitali hauzii mafundi maana moshi unapita. Ila akaongeza, na hiki ndicho kilichonifanya nimsamehe nusu ya lile jiwe, kwamba hata hiyo barakoa ije baadae, kwanza utoe ile zinki kwa grenda pale unapochomelea, na ukae upepo ukupitie ubavuni. Mzee alinunua mbili. Akasema ni za kijana wake.

Helmeti sizisemei sana, za kawaida, elfu 10. Kila kijana anataka nyeupe kwa sababu mainjinia wanavaa nyeupe, rangi haikingi kitu. Angalia tu ndani ya ukingo, kuna kialama cha duara chenye mshale na mwaka, ni mwaka ilipotengenezwa, za zamani zilizotundikwa nje juani msichukue, plastiki inakauka. Za kwake zilizo mlangoni ndizo zimetundikwa juani, omba akutolee za ndani. Vioo vya giza vya ngao ya welding anavyo namba 10, 11 na 12, namba ikipanda giza linazidi, na mawani za jua za kuchomelea hauzi hata umlilie.

Huduma kwa jumla nzuri, risiti ya EFD anatoa bila kuombwa, wanaohitaji kwa ajili ya hesabu za kampuni hapo mmepona. Bei haipungui sana, kwa pea nne alinitolea elfu 10 tu na soksi. Buti zikikubana unabadilisha ndani ya wiki kama hazijaguswa na tope. Jumapili amefunga mpaka watu watoke kanisani, kuanzia saa 8 mchana anafungua nusu mlango.

Nampa nyota 3 na nusu. Jambo la mwisho ni kwa kina dada, na mpo wengi siku hizi, wapaka rangi, mafundi umeme, wapima ardhi. Buti za kazi pale zinaanzia 40. Binti anayenipakia rangi mageti anavaa 37, saizi yake tuliikosa kabisa, mama akashauri avae 40 na soksi mbili, nikakataa, mguu unaocheza ndani ya buti kwenye ngazi ni kuvunjika shingo. Ameahidi kuagiza namba ndogo, kwa hiyo wa 37, 38 na 39 pigeni simu kwanza kabla hamjapoteza nauli, namba imeandikwa juu ya mlango, nyuma ya rifleta.