Wetisuti ya milimita 2: kusi moja na kaskazi moja nikiwa nayo

Nilipoanza kujifunza kuzamia Nungwi, Unguja, niliuliza habari za wetisuti, ile nguo ya mpira ya kukinga baridi majini, mwalimu wangu akacheka. "Bahari ya kwetu chai hii, dada." Ilikuwa Machi, kaskazi inamalizikia, maji digrii 29, na kweli wiki mbili nzima nilizama na laikra tupu, nguo nyepesi ya kubana, nisihisi kitu. Kusi ndiyo iliyonifunza. Agosti, nje ya Mnemba, saa yangu ya kuzamia ilisoma 25. Mzamo wa kwanza nilistahimili. Kabla ya wa pili tulikaa juu ya boti saa nzima, upepo unanipiga na nguo mbichi mwilini, na dakika ya thelathini chini ya maji meno yakawa yanagongana nimeuma kipande cha kupumulia. Hewa yangu ikaisha kabla ya ya wageni. Mimi ndiye niliyekuwa najifunza kuwaongoza hao wageni!

Digrii 25 barazani ni raha. Majini ni habari nyingine, kwa sababu maji yanaupokonya mwili joto haraka takriban mara 25 kuliko hewa. Laikra haisaidii hapo: inakinga jua na mikwaruzo, basi.

Wetisuti yangu ya kwanza niliuziwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Milimita 3, bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Nilisikia baridi ileile. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba kinachokinga si unene ulioandikwa kwenye lebo, ni vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira. Ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, mita 20 mara tatu, na vipovu vinasinyaa. Vikishasinyazwa mamia ya mara havirudi tena. Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, ibane kwa vidole magotini na mgongoni kisha uachie. Isipofura tena, hicho ni kitambaa kizito tu.

Hii ya sasa ni mpya, milimita 2, mikono mirefu na miguu mirefu. Shangazi yangu wa Muscat ndiye aliyeninunulia huko, riali 42, akaja nayo likizo. Nilimtumia vipimo vya kifua, kiuno, nyonga na urefu, naye akampigia simu muuza duka mara tatu maana hakuamini kwamba nguo inaweza kubana namna ile na bado ikawa saizi yangu. Ndivyo inavyotakiwa. Jambo la kuangalia zaidi ni pale chini ya mgongo, juu ya makalio. Pakiwa na mfuko, kila ukijigeuza maji mapya yanaingia na kutoka, na hata milimita 5 haitakufaa. Yangu imekaa sawa hapo. Shingoni imenikwaruza hadi leo, napaka mafuta ya mgando.

Kusi iliyofuata nilizama mara mbili kwa siku, mzamo wa dakika 50 hivi, bila kutetemeka. Mzamo wa tatu siku hiyohiyo, hapana, baridi inarudi, na wenzangu wanaofanya mitatu wanavaa milimita 3. Mimi nilizikataa kwa sababu ya risasi, vile vipande vizito vya mkandani vinavyotuzamisha, maana mpira unaelea: na laikra nafunga kilo 4 kiunoni, na hii 5, na milimita 3 mpya ingetaka zaidi. Mwili wangu mdogo, kila kilo ninaiona ninapopanda boti.

Zipo za mikono mifupi na miguu ya magotini, na ni nafuu. Sizipendekezi. Siku yavuyavu wanapoletwa na mkondo, au ukijigusa kwenye tumbawe la kuwasha, utakumbuka mikono yako iko wazi. Halafu kwa sisi wanawake wa hapa kuna jambo la sitara. Mimi huvaa hii ndani, juu yake fulana ndefu nyepesi, na kofia ya kitambaa cha laikra kichwani, na hakuna mzee wa pwani aliyenisema. Labda wamechoka.

Kasoro kubwa ni zipu. Iko mgongoni, ina kamba ndefu ya kuivutia, lakini peke yangu naikwamisha katikati kila siku. Kuvaa mguuni, vaa mfuko wa plastiki kwanza, unateleza kama samaki. Nikitoka baharini naisuuza kwa maji ya kisima na kuianika uvuni, ndani nje, kwa sababu jua linaukausha mpira mpaka unapasuka. Na ndiyo, inanuka. Wote tunajua kwa nini, tusiulizane.

Kaskazi sikuihitaji, ilining'inia ukutani. Mama mdogo, anayelima mwani Paje, ndiye aliyeishusha. Akaivaa bamvua moja, akasimama majini asubuhi nzima akifunga mwani, akarudi miguu haina mkwaruzo hata mmoja. Sasa anataka shangazi amtafutie yake, zipu iwe mbele, maana shambani kwake hana wa kumvutia kamba.