Wiki 12 za mazoezi ya viungo: msamba nilikuwa nao, nguvu sikuwa nayo

Nacheza sarakasi tangu darasa la tano, na msamba nilifundishwa kwa mtindo tunaoujua wote: unakaa, mwalimu anakuegemea mabegani, unauma meno. Nilifika chini, sikatai. Ila ukiniambia nisimame niinue mguu bila kuushika, unaishia kiunoni, tena unatetemeka. Ndiyo maana nikanunua programu hii ya mtandaoni ya wacheza jimnastiki, siku 4 kwa wiki.

Wiki ya kwanza nilihisi nimepigwa. Msamba hakuna! Unalala chali, unabana tumbo mpaka kiuno kinagusa sakafu, unainua mabega na miguu kidogo, unaganda hivyo sekunde 30. Niliishia 14.

Utamu ulianza wiki ya tatu. Ukiwa kwenye msamba, mguu wa mbele unakandamiza sakafu kwa nguvu sekunde 10, unaachia, unashuka zaidi. Halafu, na hapa ndipo jasho linapotoka, unauinua mguu huohuo bila kusaidia kwa mikono. Wa kushoto ulipanda unene wa kiberiti tu. Wiki ya tisa ulikuwa unavuka ndala mbili zilizopangwa juu kwa juu.

Mpangilio nao umenifungua macho. Mwanzoni ni kupasha mwili na kurusha miguu; kunyoosha kwa muda mrefu kunawekwa mwisho, baada ya kuruka. Sisi tulikuwa tunakaa kwenye msamba weee, kisha tunashangaa samasoti haipandi.

Kilichoniudhi ni mikono. Kusimama kwa mikono kunaanza wiki ya pili, na vifundo vya mikono havijaandaliwa hata kidogo. Cha kulia kikaanza kuuma. Nikaandika kuuliza, jibu likaja baada ya siku 9: pumzika. Basi nikajiongeza: napiga magoti, viganja chini, vidole vikitazama magoti, naegemea nyuma taratibu. Mtoto nisingemwanzishia hii bila mwalimu pembeni, maana mfupa wake pale kwenye kifundo cha mkono bado unakua na ndipo unapoumia.

Vifaa? Video zinadhani una ngazi ya ukutani na mikanda ya mpira. Nilitumia khanga ya mama, na soksi za kuteleza kwenye vigae vya sebuleni.

Awamu ya pili sijainunua. Narudia kwanza wiki ya 7 hadi 12, mguu wa kushoto bado unanidai.